Siku Watu wa Daudi Walipokuja Kumwona Myahudi

Kila asubuhi, saa moja na nusu, Fabiola alimtengenezea Meneja Xavery chai. Maziwa kwanza, halafu majani, halafu sukari kijiko kimoja na nusu, maana mwaka ule wa themanini na tatu sukari ilifungiwa kabatini pamoja na faili za siri, na ufunguo Meneja alilala nao. Jumamosi hiyo kijiko cha kwanza kilikuwa kimeshaingia, ile nusu iko hewani, ndipo aliposikia kwaya.

Kwaya kwenye shamba la ngano la serikali, tena saa za kazi! Fabiola alichungulia dirishani. Trekta lenye tela lilikuwa linaingia getini, na kwenye tela wamejazana watu kama arobaini, wamevaa nguo za Jumapili, wanapiga vigelegele kama vile wanaleta bibi harusi. Mbele yao, amesimama wima kama jemadari, Biblia kwapani, koti limefungwa vifungo vyote, alikuwa baba yake mzazi.

Sukari ilimwagika juu ya faili la mbolea.

"Shikamoo, Baba," alisema mlangoni, kijiko bado mkononi.

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Meneja? Bado yuko nyumbani, anaoga."

"Meneja wa nini? Tumetoka kijijini Daudi usiku, tumeteremka milima yote hii na tela halina hata springi, tuje kumwona meneja? Yuko wapi Myahudi?"

Kosa lilikuwa la Fabiola mwenyewe. Katika barua yake ya Krismasi aliandika habari za afya, habari za mvua, halafu, kwa kuwa karatasi ilikuwa imebaki na nafasi, akaongeza kwamba kuna fundi mpya wa makombaini ya kuvunia ngano kutoka Kanada, anaitwa Bwana Haimu, mpole, Myahudi. Mstari mmoja tu. Baba yake aliusoma kanisani baada ya matangazo ya ndoa.

Baba yake huyo, Mwalimu Tadei, alikuwa amestaafu ualimu na kuingia ukatekista, lakini kazi yake hasa ilikuwa asili ya Wambulu. Kwa maoni yake walitoka Mesopotamia, wakaagana na Ibrahimu kwenye njia panda, yeye akakata kushoto, wao wakakata kulia, wakatembea mpaka wakachoka, na walipochoka pakaitwa Mbulu. Ushahidi alikuwa nao wa aina tatu: punda, kondoo na ubishi. Watoto waliopita darasa lake la nne waliweza kuichora safari hiyo kabla hawajaweza kuonyesha kijiji cha Tumati kiko upande gani.

"Leo," alisema, akishika bega la binti yake, "leo nitamuuliza mwenyewe. Utatafsiri wewe."

Fabiola akasema, "Ndiyo, Baba." Maisha yake yote alikuwa anasema ndiyo, Baba. Lakini mfukoni mwa sweta lake kulikuwa na karatasi mbili za mwandiko wa Bwana Haimu, na karatasi hizo zilikuwa zimemnyima usingizi.

Shamba hili watu waliliita Shamba la Nane. Ardhi yake ilikuwa tambarare isiyo na mwisho, na kabla ya ngano ilikuwa malisho ya Wamang'ati. Meneja Xavery alipenda mistari iliyonyooka kuliko alivyompenda mkewe, na mistari yake yote ilinyooka isipokuwa kwenye kitalu cha kumi na moja. Pale katikati palikuwa na mwinuko wa udongo mrefu kupita mtu, umechongoka juu kama pia iliyogeuzwa. Matrekta yaliuzunguka, na kila yalipouzunguka Meneja aliumia moyo. Akamwagiza Bwana Haimu achunguze kama mashine zinaweza kuendelea kuuzunguka, au usawazishwe. Ushauri wa fundi ukishapigwa chapa na kutiwa sahihi, katapila lingetoka makao makuu, Arusha.

Mwenye mwinuko alikuwa Mzee Bura. Alitokea upande wa Gehandu, mgolole begani, bangili za shaba mkononi, na kwa majuma matatu mfululizo alikuja kila Jumamosi kuongea na Bwana Haimu. Mwinuko ule ulikuwa bung'eda, kaburi la heshima. Kwa Wamang'ati si kila anayekufa hujengewa bung'eda. Hujengewa mzee mwenye jina, na ukoo mzima hukusanyika kwa miezi kuupandisha udongo, kumwaga pombe ya asali na kumwimbia, hadi mwenyewe aridhike. Aliyelala pale alikuwa babu yake Bura, baba wa baba yake.

Mzee alisema kwa Kiswahili chake, Fabiola akatafsiri kwa Kiingereza. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Tangu utoto Fabiola alikuwa na kipaji cha kuosha maneno njiani. Mama yake, Helena, alikuwa akimtuma kwa jirani: "Kamwambie Philomena kwamba kuku wake ni wezi kama yeye." Fabiola akifika kwa jirani anasema, "Shikamoo. Mama anakusalimia, anasema kuku wako wamekuja kututembelea." Kijiji kiliishi kwa amani miaka kumi na minane. Alipokwenda chuo cha uhazili ugomvi ulilipuka kwenye nyumba saba, na hakuna aliyejua kwa nini.

Basi Jumamosi ya kwanza Mzee Bura alisema, "Mwambie huyu mkate usioiva kwamba pale amelala babu yangu. Trekta likimpanda babu, na mimi nitampanda yeye." Fabiola akasema kwa Kiingereza, "Mzee anakusalimu. Anasema eneo lile lina umuhimu kwa familia yake."

Jumamosi ya pili mzee alisema, "Mwambie wakimgusa, mvua itaikimbia ngano yao, na mke wake atazaa nyani." Fabiola akasema, "Mzee ana wasiwasi kidogo na hali ya hewa."

Jumamosi ya tatu mzee alisema, "Muulize kama kwao wanalima watu. Hata njia ya ng'ombe wangu kwenda majini wameilima, sasa wamebakiza kutulima sisi." Fabiola akaokota kilichookoteka. "Mzee anauliza kama ng'ombe wake wanaweza kupewa njia ya kwenda majini."

"Tu?" Bwana Haimu alishangaa. "Hilo ni jambo dogo."

Na jana jioni alimletea ushauri wake aupige chapa. Ulisema kwamba mwinuko ni wa udongo mtupu, kwamba mzee wa jirani ameulizwa mara tatu na hana pingamizi, kwamba ombi lake ni njia ya mifugo na apewe, na kwamba katapila lije Jumatatu. Meneja alitaka barua mezani kabla ya saa sita mchana, maana gari la Arusha halingoji.

Fabiola aliisoma mara tano. Maneno yote aliyoyaosha majuma matatu yalikuwa yameungana yakawa katapila.

Bwana Haimu walimkuta karakanani, amelala chali chini ya kombaini, anaitukana. Zilionekana buti mbili tu. Kwaya ilinyamaza kwa heshima. Buti zilisogea, suruali ikatokea, kitambi kikatokea, halafu uso mwekundu uliopakwa grisi mpaka masikioni, na kipara.

"Ndiye huyu?" Scolastica, kiongozi wa sauti ya kwanza, aliuliza kwa sauti ya kwanza.

"Ndiye," alisema Fabiola.

"Ndevu ziko wapi?"

"Hana, mama."

"Musa alikuwa nazo."

Basili, mume wa Scolastica, alimwambia anyamaze, labda wa sasa wananyoa kwa ajili ya mashine. Mwalimu Tadei alipiga hatua mbele, akavua kofia, akatoa hotuba. Alimkaribisha mwana wa Ibrahimu kwa niaba ya ndugu zake waliopotezana njiani miaka elfu nne iliyopita. Aliomba radhi kwamba hawajaleta mwanakondoo, ila wameleta maharage. Akamwuliza je, kwenye maandiko ya kwao kuna habari za watu waliokata kulia.

Fabiola alitafsiri. Bwana Haimu alijifuta mikono kwa matambara, taratibu, akimwangalia mzee huyu aliyevaa koti kwenye joto lile.

"Mwambie baba yako nimefurahi," alisema. "Sijui kama tulikuwa ndugu. Nyumbani tulikuwa hatuelewani hata kwenye meza moja, kwa hiyo watu kukata kulia ninaweza kuamini."

"Amesema inawezekana!" Mwalimu alishangilia kabla tafsiri haijaisha. Vigelegele.

"Muulize Yerusalemu ikoje," alisema Scolastica.

"Sijawahi kufika," alisema Bwana Haimu.

Tela halikuwa na springi, na Myahudi hajafika Yerusalemu!

"Babu yangu naye hakufika," aliendelea. "Kila mwaka kwenye karamu ya Pasaka aliinua kikombe akasema mwakani tutaila Yerusalemu. Nje theluji imefika dirishani. Aliyasema hayo miaka sitini, na hakuwahi hata kuulizia nauli."

"Kama Basili na bati," alisema Scolastica. "Mwakani, mwakani, na mimi nanyeshewa."

Watu walicheka, Basili alitazama viatu vyake, na Bwana Haimu, alipotafsiriwa, alicheka mpaka akaketi juu ya tairi. Tangu hapo mambo yalilegea. Akachukua chaki, akachora safari sakafuni. Yerusalemu hapa, kwenye doa la oili. Babeli kule, penye ndoo, Wayahudi walikopelekwa mateka. Wakarudi. Warumi wakawafukuza. Wengine wakaenda Hispania wakakaa mamia ya miaka, wakafukuzwa. Wengine Poland, wengine Yemeni, wengine Urusi, ambako nyumba ya babu yake ilichomwa moto siku moja na majirani waliokuwa wamemwazima ngazi. Babu akapanda meli, akashuka Kanada, akapewa shamba la ngano, yeye ambaye alikuwa fundi cherehani na hajui shina wala suke. Shangazi yake mmoja, aliyenusurika kwenye vita ya Hitla akiwa peke yake, alikwenda Israeli na akaapa hatatoka tena.

"Na waliokuwa wanakaa pale aliporudi yeye?" aliuliza Scolastica. "Walisogea wapi?"

Bwana Haimu alikaa na chaki mkononi. "Hilo," alisema, "ndilo mimi na shangazi tunalogombania katika kila barua."

Ndipo iliposikika sauti kutoka mlangoni. "Walikuwa na ng'ombe wangapi?"

Mzee Bura alikuwa ameegemea mwimo, ugoro kiganjani. Ilikuwa Jumamosi, siku yake.

Fabiola alifunika mfuko wa sweta kwa kiganja. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti wa Mbulu. Ng'ombe, nimeuliza."

"Hawakuwa na ng'ombe, Mzee. Walikuwa mafundi na wafanyabiashara."

"Ndiyo maana walifukuzwa-fukuzwa." Alivuta ugoro, akapiga chafya. "Hata hivyo, sisi tulikuwa nao na tulifukuzwa. Wamasai walitutoa Ngorongoro. Babu zetu wa zamani wamelala kule chini kwenye shimo, na tukitaka kwenda kuwasalimia tunaomba ruhusa kwa askari wa faru."

"Karibu ukae, Mang'ati," alisema Basili kwa utani. "Leo hatuna ng'ombe wa kuibiwa."

"Nitakuja kwako usiku nihakikishe," alisema Bura, akakaa.

Mwalimu Tadei hakupenda mazungumzo yake yaingiliwe na wapagani. Aliirudisha habari kwa Ibrahimu. Akafungua Biblia, akaeleza jinsi Sara alivyofariki ugenini, na Ibrahimu akainuka mbele ya wenyeji akanunua pango la kumzika, kwa mashahidi, langoni.

Fabiola alipotafsiri, Bwana Haimu aliitikia kwa kichwa, kwa nguvu. "Hiyo naijua. Babu aliipenda. Alisema: ona, mtu ameahidiwa nchi nzima na Mungu mwenyewe, lakini kipande alichomiliki kwa uhakika ni kaburi. Na sisi kila tulikofika, kabla ya kujenga nyumba ya sala, tulitafuta mahali pa kuzika. Mtu ukishazika, umekaa." Alichora msalaba mdogo wa chaki penye Urusi, akaona ni msalaba, akaufuta kwa haraka akaweka duara. "Vita ilipokwisha, baba yangu aliandika barua kuulizia kaburi la baba wa babu yangu. Walimjibu kwamba mawe ya makaburi yametandikwa barabarani. Magari yanapita juu ya jina lake. Baba hakumwambia babu. Alimwambia kaburi lipo, linapaliliwa, limepandwa maua."

Fabiola alitafsiri neno kwa neno. Maneno haya hakuyaosha, na hakujua ni kwa nini, ila aliona jinsi wanawake wa kwaya walivyovuta khanga midomoni.

"Na kule Kanada," aliuliza Mzee Bura polepole, "ngano ile babu yake aliilima juu ya nani?"

Fabiola alitafsiri. Bwana Haimu alijikuna kipara, akaacha alama nyeusi. "Walikuwepo watu," alisema. "Wahindi wekundu, ndivyo tulivyowaita. Mimi nilizaliwa wameshaondolewa. Sikuuliza kamwe walizikana wapi." Kisha akamgeukia mzee kwa uso mwema kabisa. "Mwambie mzee asiwe na wasiwasi. Ng'ombe wake watapata njia. Nimeiandika kwenye ushauri."

Mzee Bura alimtazama Fabiola. "Amesemaje?"

Na wakati huo huo Meneja Xavery aliingia, amepaka mafuta nywele, funguo za Land Rover kidoleni. "Fabiola! Saa tatu hii! Chai haina sukari, sukari iko kwenye mbolea, na barua ya katapila iko wapi? Na hawa ni kina nani?"

"Ni ndugu wa Myahudi," alisema Scolastica.

"Amesemaje?" Mzee Bura alirudia, akisimama.

Fabiola aliwatazama wote. Baba yake na Biblia yake. Meneja na funguo zake. Bwana Haimu ambaye alikuwa anatabasamu, akingoja kushukuriwa. Alijua sentensi nzuri ya kusema. Ilikuwa tayari mdomoni, safi, imeoshwa, imepigwa pasi: *anasema ng'ombe watapata njia*. Mzee angeondoka, kwaya ingeimba, na Jumatatu mwanamume huyu mpole angemwagiza mtu afukue babu wa mtu, bila kujua, mbele ya duara lake mwenyewe la chaki.

"Bwana Haimu," alisema kwa Kiingereza, na sauti ilitoka ndogo, ikabidi aianze upya. "Ule si udongo mtupu. Ni kaburi. Ni babu yake. Alikuambia siku ya kwanza. Mimi sikukuambia."

Bwana Haimu alisimama kutoka kwenye tairi. "Alisemaje siku ya kwanza?"

"Alisema..." Fabiola alifunga macho. "Alisema wewe ni mkate usioiva. Na kwamba trekta likimpanda babu yake, yeye atakupanda wewe."

"Siku ya pili?"

"Kwamba mke wako atazaa nyani."

"Ulisema hali ya hewa!"

"Mvua nayo ilikuwemo."

"Na ya tatu?"

"Aliuliza kama kwenu mnalima watu."

Watu wa Daudi hawakujua Kiingereza, lakini walikuwa hawajawahi kumwona binti wa Mwalimu Tadei akizungumza kwa muda mrefu hivyo. Fabiola alimgeukia Mzee Bura, akasema kwa Kiswahili, machozi yanamtoka, "Nisamehe, Mzee. Sasa nimemwambia. Yote. Na nyani."

"Majuma matatu," alisema Mzee Bura, "nilikuwa najiuliza mbona mzungu huyu namtukana na yeye ananishukuru." Hakuonekana kukasirika sana. Alionekana kama mtu aliyepata jibu la fumbo.

"Binti yangu," alisema Mwalimu Tadei, sauti imepungua, "umewadanganya watu wazima?"

"Ndiyo, Baba."

Bwana Haimu alinyoosha mkono. "Ushauri wangu uko wapi?" Fabiola alizitoa zile karatasi mfukoni mwa sweta, alizokuwa amezikunja na kuzikunjua mpaka zikawa laini kama kitambaa. Meneja Xavery akawahi kuzidaka.

"Huu ni ushauri wa kitaalamu," alisema kwa Kiingereza. "Umeandikwa, umekamilika. Kaburi halimo humu ndani. Fabiola, nenda kapige chapa."

"Meneja, nimeshauri kwa habari za uongo," alisema Bwana Haimu. "Sitatia sahihi."

"Anasema nini?" aliuliza Meneja, ambaye Kiingereza alikijua vizuri sana, ila si wakati huo.

"Anasema hatatia sahihi," alisema Fabiola.

"Mwambie mistari ya shamba hili ni ya taifa! Mwambie makaburi yamejaa nchi nzima, tukiyakwepa yote tutakula nini? Mwambie!"

Fabiola hakumwambia. Bwana Haimu hakungoja aambiwe. Alikuwa anamtazama yeye, karani, kwa namna ambayo hakuna mtu aliyewahi kumtazama kazini, kama mtu anayengoja mwingine achukue zamu yake ya kusema.

"Nimesikia la Meneja," alisema. "Nimesikia la mzee, hatimaye. Na wewe je? Wewe unasemaje?"

Hakuwa amewahi kuulizwa. Alitafuta neno la mtu mwingine la kubeba, akakuta mikono mitupu. Alimwangalia baba yake, na baba yake, mtu wa ubishi maisha yake yote, akaifunga Biblia.

"Mimi," alisema kwa Kiswahili, ili wote wasikie, na Mzee Bura wa kwanza, "nasema mumwache babu yake alale. Na hiyo barua, Meneja, mimi siipigi."